Taa ya Nyuma Si Yako

Msyuuu! Hebu iangalieni hiyo Subaru Impreza inayoteremka kuelekea daraja la Migori. Mbele inang'aa, rimu zimesuguliwa, ekzosi inanguruma mpaka kuku wa Oruba wanatawanyika. Ikishakupita, zitafute taa za nyuma uone kama utazipata. Zimepuliziwa rangi nyeusi. Dereva amekanyaga breki pale kwenye tuta, na sisi tulioketi hapa mchana kweupe hakuna aliyejua kama amekanyaga. Sasa ngojeni saa moja usiku, mvua ya kutoka ziwani inanyesha, na nyuma yake iko Probox imepakia watu 11 inakimbilia abiria wa Awendo.

Ukimuuliza mwenye gari atakwambia ni mtindo. Kopo la rangi ya kupuliza, gazeti kuukuu la kuzibia pembeni, selotepu, basi, uani kwake kazi imekwisha kabla chai haijapoa. Nami namwambia, omera, gari ni lako, deni ni lako, petroli ni yako, lakini taa ya nyuma si yako. Wewe mwenyewe huioni ukiendesha. Haikumuliki njia. Iliwekwa pale kwa ajili ya mtu asiyekujua hata jina, anayekufuata, ambaye hana namna nyingine ya kujua kwamba unapunguza mwendo.

Sisemi vijana wasipambe magari. Magari tunayapenda kikweli huku kwetu, na mapenzi hayo yana chimbuko. Mwaka 1997 Colin McRae alishinda Safari Rally kwa Impreza ya buluu. Mwaka 2000 Richard Burns akaishinda tena kwa Impreza. Na kabla yao Patrick Njiru, Mkenya mwenzetu, alikwisha kuifanya Subaru itajwe kila penye redio. Mtoto aliyekuwa na miaka 10 enzi zile leo ni mtu mzima mwenye kazi, na amejinunulia ile gari aliyoiota. Ahsante Mungu, na aiendeshe.

Ila ameinunua ikiwa imezeeka. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8, kwa hiyo hizi Impreza za 2002 na 2005 mnazoziona Migori na Homa Bay zimezeekea hapa hapa nchini, mikononi mwa watu wengi. Jua limeipausha plastiki ya taa. Vumbi la murram limeichubua. Pengine ina ufa uliozibwa kwa selotepu nyekundu, na ndani yake maji ya masika yanachezacheza gari likikata kona. Mwenyewe anaitazama ile taa anaona aibu, pesa ya taa nzima hana, na rangi nyeusi inafunika aibu yote kwa mkupuo mmoja. Hapo ndipo ninapokasirika, kwa sababu taa ile ile ingeweza kurudi kuwa nzuri kwa pesa zile zile za kopo la rangi, na nitawaeleza namna.

Kwanza mjue mtindo huu ulikotoka. Toyota Altezza ilipoingia sokoni Japani mwaka 1998, taa zake za nyuma zilikuwa na kioo kisicho na rangi, na ndani yake vikaonekana viduara vyekundu wazi wazi. Dunia nzima ikapagawa. Viwanda vya vipuri vikaanza kumwaga taa za kuiga, za kila aina ya gari, na nyingi kati ya hizo za bei ya chini zikaacha kitu ambacho taa nyingi halisi huwa nacho, yaani rifleta. Ni kile kipande chekundu chenye vijichonge vidogo vidogo, ambacho mtu akikimulika kinamrudishia mwanga wake mwenyewe. Hakitumii betri wala waya. Gari likizimika kabisa usiku pale Uriri, betri imekufa, umeme hakuna, hicho ndicho pekee kinachobaki kusema kwamba hapa kuna gari.

Sasa fanyeni hesabu nami. Chukua ile karatasi ya tinti inayopitisha nusu ya mwanga, uibandike juu ya taa. Mwanga wa balbu unatoka mara moja tu, kwa hiyo umepoteza nusu. Lakini mwanga wa rifleta unatoka kwenye gari la nyuma, unapita kwenye tinti ukiingia, unapita tena ukitoka. Nusu ya nusu. Imebaki robo. Rangi ya kopo ikipulizwa mara tatu, kama wanavyofanya hawa, hata hiyo robo huipati. Kijana anapima kazi yake usiku kwa kusimama hatua tano nyuma ya gari na kusema, "Si inaonekana?" Inaonekana, ndiyo, kwako wewe uliyesimama hapo, unayejua mahali pa kutazama, na macho yako yameshazoea giza. Mtu anayekuja mbio kutoka Kakrao hana hata kimoja cha hivyo.

Kuna mwingine hapa kijiweni huwa ananijibu kwamba magari ya mashindano hayana taa. Aa! Hata Formula 1 yenyewe, kila gari limebeba taa nyekundu nyuma, na mvua ikinyesha lazima iwashwe, kwa sababu maji yanayorushwa na matairi humfanya anayefuata asione kitu. Wale ni madereva waliochujwa dunia nzima, kwenye uwanja usio na ng'ombe wala bodaboda, na bado hawaaminiwi kufuatana bila taa. Anayetaka kufanana na gari la mashindano aanzie hapo.

Tuje kwenye barabara zetu. Kutoka Isebania mpakani, Migori, Kakrao, Uriri, Awendo, Rongo hadi Kisii ni barabara moja, A1, upande mmoja wa kwenda na mmoja wa kurudi. Malori ya kutoka Tanzania yamo humo. Mabasi ya Nairobi yamo. Probox zimo, bodaboda zimo, na miwa ikivunwa yamo matrekta yanayovuta trela kuelekea viwandani. Trela la miwa usiku ndilo jambo linaloniogopesha kuliko yote kwenye barabara hii. Miwa inaning'inia nyuma imeufunika ubao wa taa, kama huo ubao wenyewe upo. Waya ilikatika zamani, na rifleta zimepakwa tope hadi zimekuwa rangi moja na shamba. Kwa kilomita 80 kwa saa unakata mita 22 kila sekunde. Taa za mbele ukiwa umezishusha zinakuonyesha mita 50 hivi. Mtu aliye macho, asiyechoka, atatumia kama sekunde moja na nusu kabla mguu wake haujafika kwenye breki, na hapo mita 33 zimekwisha. Zimebaki 17. Gari linahitaji zaidi ya 30 kusimama kwenye lami kavu. Basi, hakuna cha kuongeza hapo, hesabu imegoma.

Ndiyo maana naumia nikiona mtu mwenye taa nzima, yenye kufanya kazi, akijishusha kwa hiari yake awe sawa na trela la miwa.

Upande wa Homa Bay si salama zaidi. Ukitoka Rongo unafika Rodi Kopany, unateremka hadi mjini chini ya kilima cha Got Asego, na ukiendelea unakwenda Mbita. Kabla hakujapambazuka magari ya samaki yameshaanza kutoka Mbita. Magunia ya omena yamepangwa hadi mlango wa nyuma haufungiki, umeachwa wazi na kufungwa kwa kamba, na ile taa ya tatu ya breki iliyo mlangoni inatazama mbinguni. Taa hiyo ya tatu si pambo. Marekani iliilazimisha kwa magari mapya ya abiria kuanzia ya mwaka 1986, baada ya kuthibitika kwamba taa ya breki iliyo juu, katikati, inapunguza watu kugongana kwa nyuma. Na bodaboda nazo! Kibebeo cha mizigo kimeongezwa chuma kikashuka mpaka kimeziba taa, au balbu iliungua na mwenyewe hajui, kwa kuwa hajawahi kushuka akatazama.

Na sisi ni watu wanaojali, hilo nalisema bila kusita. Lori likiharibika hapa, kabla hata ya kuitwa fundi, utingo ameshavunja matawi na kuyatandaza barabarani hatua nyingi nyuma, kumwonya mtu asiyemjua. Hakuna anayemlipa. Moyo huo huo ndio ninaouomba kwa mwenye Impreza.

Haya, sasa mnunue msasa badala ya kopo la rangi. Kazi hii unaifanya nyumbani, mchana mmoja. Fungua buti, vuta kapeti la pembeni, utaona nati mbili au tatu nyuma ya taa. Kwa magari mengi ya Kijapani ni spana namba 10. Zikishatoka, ivute taa moja kwa moja kuelekea nyuma, taratibu, usiipindue, maana ina vijiti vya plastiki ubavuni vinavyovunjika. Zungusha soketi ya balbu robo mzunguko, itoke. Osha ndani na nje kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo. Usitie petroli wala thina. Thina inaitafuna plastiki hiyo na kuijaza nyufa ndogo ndogo ambazo hazitaondoka tena. Ianike matundu yakiwa chini mpaka ndani kusiwe na hata tone.

Halafu msasa wa maji. Anza na namba 800, weka sabuni kidogo kwenye maji, sugua kwa kwenda upande mmoja. Kioo kitapauka chote na utadhani umekiharibu. Endelea. Namba 1000, kisha 1500, kisha 2000, kila mara ukiosha kabla ya kubadilisha, kwani chembe moja ya 800 iliyobaki itachora mstari utakaouona mwaka mzima. Unapofika 2000 kioo kinakuwa laini chini ya kidole na wekundu umeanza kurudi. Maliza kwa ile dawa ya kung'arishia rangi ya magari na kitambaa cha pamba, ukipenda upulize vanishi isiyo na rangi ya kukinga jua. Mimi nimeona taa ya zaidi ya miaka 15 ikitoka hapo ikiwa nyekundu ya kuiva, mpaka jirani akauliza imenunuliwa wapi. Ufa uzibe kwa silikoni, lakini vile vijitundu vidogo vya chini usivizibe. Taa inapumulia hapo, na ukiviziba jasho litajaa ndani.

Ukiwa umeifungua taa, tazama balbu. Ile ya nyuzi mbili imeandikwa 21/5: uzi wa wati 5 unawaka ukiwasha taa, uzi wa wati 21 unawaka ukikanyaga breki. Tofauti kati ya hizo mbili ndiyo lugha yote ya taa ya nyuma. Wapo wanaotia balbu ya uzi mmoja wa wati 21 kwa sababu ndiyo iliyopatikana dukani, na gari likawa linawaka breki safari nzima. Anayekufuata atazoea, na siku utakaposimama kweli hatajua. Balbu sahihi haifikii bei ya nusu kilo ya nyama.

Wanaopenda LED, nawaunga mkono, kwa sharti moja. Balbu ya nyuzi inachukua kama sehemu mbili za kumi za sekunde kupata moto na kuwaka sawasawa, ilhali LED inawaka papo hapo. Kwa kilomita 100 kwa saa hiyo ni zaidi ya mita 5 unazompa mtu wa nyuma bure. Lakini nunua LED nyekundu kwa kioo chekundu. Vijana wananunua nyeupe kwa kuwa mkononi inaumiza macho, kisha wanashangaa ndani ya taa imefifia na kuwa ya waridi. LED nyeupe ina wekundu kidogo ndani ya mwanga wake, na kioo chekundu kinazuia kila kitu kingine. Kwenye indiketa weka ya rangi ya chungwa, na ujue kwamba indiketa itaanza kupepesa mbio mbio, kwa vile rilei inahisi umeme mdogo na kudhani balbu imeungua. Fundi waya atakuongezea rezista. Mwambie aifunge kwenye chuma cha bodi, isiguse plastiki wala kapeti, maana inachemka vibaya.

Jambo jingine linalowasumbua wengi bila kujua ni ethi. Ukikanyaga breki na indiketa nayo ikawaka kwa mbali, au taa ya upande mmoja ikafifia, usikimbilie balbu. Umeme umekosa njia ya kurudi na unatafuta ya kuibia kupitia taa jirani. Ifuate waya ya ethi kutoka kwenye taa mpaka inapofungwa kwenye bodi, fungua ile bolti, sugua kutu kwa kipande kile kile cha msasa, kaza. Hujatumia hata ndururu.

Na kama moyo unataka weusi tu, weusi una mahali pake. Ile fremu ya ndani, inayozunguka vioo, inaweza kupakwa nyeusi na taa ikapata sura kali ya kimichezo huku kioo chekundu na rifleta vikibaki safi. Ila tazama kwanza kama taa yako inafunguka. Zilizofungwa kwa gundi hulainika kwa joto. Wenzetu wa ng'ambo huzitia kwenye oveni ya jikoni kwa moto mdogo, hapa watu wanaziinamisha juu ya jiko la makaa na plastiki inajikunja. Mashine ya kukaushia nywele ya saluni inatosha, ukienda polepole ukizunguka ukingo mzima. Taa nyingi za nyuma hata hivyo zimeunganishwa plastiki kwa plastiki, hazina gundi ya kulainisha, na ukilazimisha utaivunja. Hiyo iache ilivyo. Paka nyeusi sehemu ya bodi inayoizunguka, au ongeza taa ya tatu ya breki juu ya kioo cha nyuma, nyekundu, isiyopepesa, yenye fyuzi yake. Hilo litaonekana kutoka mbali, na watu wataliulizia.

Zile za kupepesa nyekundu na buluu sizisemei kitu. Zing'olewe.

Sheria ipo. Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, kifungu cha 55, inataka gari na vifaa vyake, taa zikiwemo, vitunzwe katika hali isiyohatarisha watumiaji wengine wa barabara. Haihitaji kuongezwa neno. Kinachonikera ni saa ya kuisimamia. Vizuizi vya polisi tunavipita saa nne asubuhi, jua la utosi linakuja, afisa anaangalia stika ya bima na leseni, anagonga bampa, anasema pita. Taa ya nyuma iliyopakwa rangi mchana inafanana na mapambo tu. Kwetu hapa karibu na ikweta giza halichelewi, ifikapo saa moja na robo limeshashika, na muda huo ndipo matrekta yanapotoka mashambani na Probox zinapofanya safari ya mwisho. Naomba, na nawaomba wote walio na ndugu kwenye kituo chochote cha polisi cha hizi kaunti mbili wanisaidie kuomba: vizuizi viwili vihamishiwe saa moja na nusu usiku, kimoja Kakrao, kingine Rodi Kopany. Afisa asimame nyuma ya gari, si mbele. Amwambie dereva awashe taa, akanyage breki, aweke indiketa kushoto na kulia. Asiyeonekana apaki pembeni mpaka asubuhi, awe ni mwenye Impreza, mwenye trela la miwa au kijana wa bodaboda.